Tuko Wawili, Afande

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana jengo lenyewe bado limesimama, palikuwa na mama kijana aitwaye Namsifu. Polisi wa mji wao walikuwa wamehamia kituo kipya. Kile cha zamani, pamoja na mahabusu yake, kikaachwa kiwe kumbukumbu ya mji, akakabidhiwa Namsifu akitunze.

Mchana mmoja wa jua kali, akamlaza mwanawe Mbazi kwenye chumba cha mwisho cha mahabusu, maana kina ubaridi, akatoka uani kufagia. Upepo ukaja, mlango wa chuma ukajibamiza, kitasa kikajifunga. Ufunguo hana! Akasukuma, akapiga mateke, akapiga mayowe. Mtoto ndani akalia, akalia, halafu kimya. Kimya kabisa.

"Jamani, mwanangu! Atakayemwokoa aombe kitu kimoja, chochote, nitampa, naapa!"

Akaja mbio Mzee Senkoro, askari mstaafu, na ufunguo aliogoma kuurudisha siku ya kustaafu. Akaja Bi Nakiete, ambaye usichanani alifungwa chumba hichohicho.

"Ulinitupa humu kwa chupa moja ya gongo, Senkoro, kisha ushahidi ukaunywa!"

"Nyamaza wewe, nifungue mlango."

Lakini Senkoro, kwa mazoea ya kazi, hakuwahi kufungua kabla ya kuuliza. Akagonga chuma kwa ufunguo.

"Mko wangapi?"

Ndani ikajibu sauti ya mtu mzima, taratibu:

"Tuko wawili, afande."

Ufunguo ukamponyoka Senkoro. Nakiete, ambaye tangu atoke mle hadi siku hiyo hakuwahi kukanyaga hata baraza ya kituo, akauokota, akafungua, akaingia.

Sakafu nyeusi, siafu tupu, wamepanda hadi ukutani! Katikati Mbazi amelala, kafunikwa blanketi la wafungwa, siafu wamelizunguka na hakuna hata mmoja aliyeligusa. Mtu mwingine hakuna. Nakiete akapita humohumo, akang'atwa hadi mapajani, akamtoa.

"Bila ufunguo wangu mngekuwa bado mnalia," akasema Senkoro. "Ombi langu, chumba kizibwe kwa matofali."

"Ufunguo gani, ule uliouangusha? Nimeingia mimi, nimeumwa mimi! Naomba mlango ung'olewe, chumba kibaki wazi, asifungiwe mtu tena."

Namsifu alishamkumbatia mwanawe, anageuka akimbie, ndipo akaisikia ile sauti nyuma yake, taratibu vilevile:

"Na siafu nimewazuia mimi, Mama Mbazi. Ombi langu dogo tu. Uwe unamleta."

Mtoto, begani kwa mama yake, akacheka, akaunyooshea mlango mkono.

Basi kiapo Namsifu amekila, tena kwa sauti kubwa, na wote watatu wamekisikia. Ombi ni moja tu. Je, ninyi mnaonisikiliza, mtoto angekuwa wenu, nani alistahili kupewa? Na yule mtakayemnyima, nani kati yenu atakwenda kumwambia?