Mikuki Iliyochovywa kwenye Uji

Hapo zamani, enzi ambazo mkuki ndio ulikuwa siri kubwa ya nchi, aliishi mhunzi Mwalimba. Mikuki yake haikupinda hata ikigonga mwamba. Na sheria ya mfalme ilikuwa kali: mgeni akiiba siri hiyo, auawe; mhunzi akiivujisha kwa mgeni, tanuri lake lizimwe milele. Tanuri la babu yake, jamani!

Siku moja akaja Ngulyati kutoka ng'ambo ya mto, kwa watani wao. Na mtani, mnajua, akichukua chako haitwi mwizi.

"Mwalimba, bado hujafa tu? Nimekuja kuchukua changu!"

Akachukua kuku, akachukua mkeka, watu hoi kwa kicheko. Kumbe katumwa kuipeleleza siri na chifu wake, anayejiandaa kwa vita!

Siku ya saba akamwuliza Nyambeho, mke wa mhunzi, "Shemeji, chuma kikishaiva mnakichovya kwenye nini?"

"Kwenye uji wa ulezi," akajibu Nyambeho, macho makavu. "Tena uwe wa moto."

Ngulyati akaenda zake. Haukupita mwezi, habari zikavuka mto: ng'ambo wamechovya mikuki elfu kwenye uji, na siku ya kuijaribu yote imepinda kama mikia ya mbwa. Vita vimekufa! Mfalme akacheka mpaka akashika mbavu, akafunga fahali mweupe mlangoni. "Wa aliyeiokoa nchi!"

"Wangu," akasema Nyambeho. "Ulimi wangu ndio uliovizika vita."

"Wangu," akasema Mwalimba. "Ningemfungia mtani mlango, angejua tuna siri, wangekuja na jeshi. Nilihatarisha tanuri, nikamwacha acheke ndani."

"Wangu!" Huyo Ngulyati, amefukuzwa kwao, amerudi. "Mtungi wa maji ya chumvi mnamochovya chuma niliuona siku ya kwanza. Lakini nimekula ugali wenu, nitawaletea vita vipi? Nilikuwa natafuta uongo wa kupeleka, shemeji akanipa."

Mwalimba akaona yamekwisha. Siri ilivuja! Tanuri limekwenda!

"Sheria inamtaja mgeni," akasema mfalme. "Mtani amekuwa mgeni tangu lini?"

Mwalimba akaruka juu, akamkumbatia mkewe, akamkumbatia na mtani.

Lakini fahali ni mmoja, enyi mnaonisikiliza. Aliyetunga uongo, aliyeacha mlango wazi, aliyeujua ukweli akaumeza. Semeni upesi, maana Ngulyati keshaanza kufungua kamba, eti anachukua chake. Je, nani alistahili?