Mwanamize na Yai la Jini

Nimekuja na hadithi. Mwenye masikio aipokee, mwenye usingizi akalale.

Kusini kabisa, dunia inakoishia kwenye barafu, Mwanamize na mumewe Mshamu walikaa miaka mingi bila mtoto. Jini wa bahari akawahurumia, akawapa yai moja. "Likipoa tu," akawaambia, "mtoto hamna."

Mshamu akaenda baharini kutafuta chakula. Mwanamize akabaki kuatamia.

Zimwi la upepo likalitamani lile yai, likaja na theluji. "Ondoka, mama, utakufa."

"Siondoki mpaka mwenzangu arudi." Kifua chake kikaota manyoya.

Likaja na harufu ya ngisi wa kuchoma, naye njaa inamkata tumbo. "Ondoka ukale."

"Siondoki mpaka mwenzangu arudi." Mikono yake ikawa mabawa.

Likaja na sauti ya Mshamu, inalia mawimbini: "Mke wangu, nazama, njoo."

Hapo machozi yakamtoka. "Mshamu anajua nilipo," akasema. "Siondoki mpaka mwenzangu arudi." Zimwi likapasuka kwa hasira, likatawanyika.

Kulipokucha akatua ndege mkubwa mweupe, chumvi ya bahari ikimdondoka puani. Huyu hakuita njoo. Alikuja mwenyewe, akasogeza kifua kwenye yai. Mwanamize akamjua mumewe.

Ndio hao mnaowaita albatrosi.

Mwanamize akainuka, akanyoosha mabawa. Hakumuuliza alikokuwa.

"Zamu yako," akamwambia, akaruka.

Nami yangu nimemaliza. Zamu yenu.