Disketi ya Ojakol

Akiba haiozi, walinena wahenga. Kilichowekwa mapema hufaa hata mwekaji asipokuwapo. Watu wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, waliliona hilo mwaka wa 1998, katika ofisi ya wakala wa forodha.

Ojakol aliiandikia ofisi hiyo programu ya kuchapa hati za mizigo kwa lugha ya C. Lugha hiyo haikuwa na ghala la vipande vya programu vilivyo tayari. Kila kipande cha kuazima alikitafuta mwenyewe, akakifunga ndani ya programu katika disketi moja, kama msafiri afungaye unga, chumvi na kiberiti.

Mwenzake, Okwara, alipenda Perl, lugha nyingine ya programu. Kompyuta yake ilipiga simu Nairobi kuingia mtandaoni, ikavuta vipande kutoka ghala la ng'ambo, kila kipande kikiwaita wenzake. Kazi ya mwezi aliimaliza kwa wiki.

"Mzee wa disketi, unabeba kisima mgongoni na mfereji upo!"

"Mfereji hukauka, boss," Ojakol alicheka.

Programu ya Okwara ikashika nafasi. Disketi ikabaki kwenye droo ya Anyait, karani wa ofisi na dada yake Ojakol.

Ojakol alifariki ghafla Tororo, upande wa Uganda. Usiku wa kuamkia mazishi, radi iliunguza diski ya kompyuta. Asubuhi Okwara alitia diski mpya, akarudisha Perl. Programu ikadai vipande vya ghala, nayo simu ilikuwa imekufa kabisa.

Ng'ambo ya lango la mpaka, pikapu yenye jeneza ilisimama juani. Nzi walikuwa wameanza kulizunguka.

"Bila hati iliyochapwa hapiti mtu, hai wala maiti," alisema afisa wa forodha.

Kule nyumbani Amagoro, upande wa Kenya, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Kaburi halilali wazi. Likilala, huita mwingine wa nyumba hiyo. Anyait alijua nyumbani amebaki yeye na mama yao tu.

Alifungua droo, akaitia disketi kwenye kompyuta. Ilikwaruza kama kucha juu ya ubao, kisha kioo kikawaka. Aliandika: mwili wa Ojakol. Printa ikalia, ikaitoa hati.

Afisa aliisoma hati hadi mstari wa chini, ambao programu iliuchapa daima: *Mtayarishaji: Ojakol.*

"Huyu aliyetayarisha yuko wapi?"

"Yuko kwenye pikapu, boss," Anyait alijibu.

Afisa aligonga muhuri bila kuinua macho. Okwara akavua kofia, akalifungua lango kwa mikono yake mwenyewe.

Jua lilipotua kaburi lilikuwa limefunikwa. Mwili ulikuwa umeanza kuharibika. Lakini akiba haiozi.