Insha ya Mshenga

Mtu mmoja alikuwa na historia nyingi kichwani na mtihani mmoja mbele yake. Aliitwa Semkiwa. Alifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi ya kijiji chao milimani, na watoto walimpenda. Lakini mwalimu mkuu alikwisha kumwambia wazi kuwa asipopata cheti cha kidato cha nne, mwakani hatakuwa na darasa. Masomo yote alikuwa ameyafaulu, isipokuwa historia, na hilo ndilo somo alilolijua kuliko yote.

Hapo ndipo watu walipochoka kushangaa. Semkiwa alikuwa na wino wa kutosha na maneno hayakumpungukia. Akiulizwa kwa nini wapiganaji wa Majimaji hawakuweza kuwaondoa Wajerumani, alianza na Wareno. Kutoka kwa Wareno aliingia kwenye misafara ya pembe za ndovu, akapita kwenye mashamba ya pamba, akaeleza kodi na viboko, na alipofika kwenye vita vyenyewe msimamizi alikuwa anakusanya karatasi. Aliandika kama mtu anayehama nyumba: kila kitu nje, hata kinu.

Jioni moja alimsomea mkewe, Mwanamvua, insha aliyokuwa akijifunzia. Mama huyu hakuwa amesoma historia, ila alimjua mumewe vizuri. Semkiwa alikuwa mshenga hodari wa kijiji kile. Akitumwa kuposa, posa haikukataliwa. Mwanamvua, aliyekuwa akichambua mboga, alisikiliza ukurasa wa kwanza, akasikiliza wa pili, mchicha ukamnyaukia mkononi. Kisha akasema:

"Baba Shekue, ungeenda kuposa hivi, wenye binti wangekupa maji ya kunywa, wakakuonyesha njia ya kurudi."

Semkiwa alikasirika, tena sana, kwa sababu neno lilimwingia. Alitoka akakaa kizingitini. Akajiona alivyo akienda ugenini kwa kazi ile. Hapigi soga mpaka jua lizame. Akishaamkia na kukaribishwa, anasema amekuja kumposa nani na kwa ajili ya nani. Kisha analeta sifa za kijana moja baada ya nyingine: ni mchapakazi, na shamba lake hili hapa, nendeni mkalione, ni mpole, na majirani hawa hapa, waulizeni. Sifa isiyo na shahidi haitoi mdomoni. Mambo ya babu wa babu anayajua, lakini anayaacha nyumbani. Na haondoki kabla hajarudia ombi lake kwa ufupi, wenyeji wabaki nalo. Ustadi huo alikuwa nao miaka yote, na kila alipoingia chumba cha mtihani aliuacha mlangoni.

Siku ya mtihani swali lilikuja, linafanana na lile la zamani. Wareno wakabisha hodi kichwani, na roho ikamuuma kuwafukuza, maana aliwapenda. Akawafukuza. Katika mistari ya kwanza akaandika kwamba wapiganaji walishindwa kwa sababu ya silaha duni, umoja usiokamilika na njaa iliyoletwa na Wajerumani. Kisha akaipa kila sababu aya yake na kila aya shahidi wake: bunduki za rashasha zilizowafyeka watu mbele ya boma la Mahenge, makabila yaliyokaa kando, mashamba na maghala yaliyochomwa moto. Mwisho akasema ni ipi iliyokuwa nzito kupita nyingine, na kwa nini. Akaweka kalamu chini muda ungalipo. Insha ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika, naye hakuionea haya.

Alifaulu, na darasa lake hakunyang'anywa.

Nanyi mnaokesha mkijaza vichwa, nawauliza: msahihishaji akisoma mistari yenu mitatu ya kwanza, atajua mmemjia na jibu gani?