Anayebisha Mlango wa Nyuma

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu wa kuniambia eti alikuwa amesinzia.

Huko Upareni, milimani juu ya Same, waliishi watu watatu wenye vipaji. Zefania alikuwa na masikio. Bendi ya kanisa ikipuliza matarumbeta yote kwa pamoja, yeye akiwa shambani kwake alijua ni nani aliyekosea, na jioni alimfuata nyumbani kumwambia. Ndiyo maana hakuwa na marafiki wengi. Namsifu alikuwa na mkono. Ndama akikwama tumboni mwa mama yake, aliitwa yeye. Aliingiza mkono wake mrefu mwembamba, akapapasa asikokuona, akamgeuza ndama na kumtoa mzima. Mbonea alikuwa na macho. Alikuwa mhunzi wa ukoo wa Washana, na ukimpa jembe lolote alikwambia limefuliwa na nani, tena kwa majivuno.

Sasa gari. Marehemu Kanaeli aliacha Pijo 404, gari la zamani kuliko wengi wenu mliokaa hapa, rangi ya maziwa, halina kutu hata chembe. Miaka yote aliliendesha polepole, mpaka watu wakamtania kwamba mbuzi wanampita. Alipofariki, mwanawe Elinami akalichukua na kuanza kubeba maharusi. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila gari lilipoteremka ile kona kali ya kushuka Same, mlango wa nyuma wa kushoto ulibishwa kwa ndani. Ko, ko, ko.

Mafundi wakakagua shokomzoba, wakakaza nati, wakatikisa ekzosi. Gari likiwa gereji, kimya. Likirudi mlimani, ko, ko, ko. Bibi harusi mmoja alishuka na shela lake akamalizia safari kwa miguu. Baada ya hapo abiria wakakoma kabisa.

Mjane wa Kanaeli, Mama Elinami, yeye hakuogopa. Alikaa kiti kile kile cha nyuma kushoto alichokikalia tangu alipoolewa, na mlango ulipobishwa aliitika, "Karibu, Baba Elinami." Mwanawe alisisimka mwili kila mara. Mwishowe akatafuta mnunuzi kutoka Moshi.

"Mama, tuliuze hili gari."

"Utamuuza baba yako?"

"Hicho ni chuma tu kimelegea, mama."

"Kikiwa chuma, uza. Akiwa yeye, gari halitoki hapa. Na atakayeniambia kwa hakika ni nani anayenibishia, nitampa mtamba wangu."

Mtamba alikuwa mmoja, mwenye mimba. Mnyama wa hivyo huwezi kumgawa.

Akaja Zefania. Alishuka mlima na kupanda na gari, sikio kaligandisha mlangoni, akimwamrisha Elinami, "Ongeza mwendo. Punguza. Ongeza tena." Akasema, "Huu si mzimu. Ni chuma kinaning'inia humu mlangoni, usawa wa kiwiko cha mama. Tukienda kasi kinagonga, tukienda taratibu kinanyamaza."

Akaja Namsifu. Mama alikuwa amekataa mlango usifumuliwe, akisema hawatamchuna mumewe ngozi. Basi Namsifu akapenyeza mkono nyuma ya ubao wa ndani, akafumba macho, akapapasa. Ghafla uso ukambadilika. "Kimefungwa kwa waya," alisema. "Hakikulegea hiki. Kuna mtu alikifunga." Akalifungua fundo kwa vidole viwili na kukitoa bila kukwaruza rangi.

Kilikuwa kipande cha chuma kinene kama dole gumba. Mafundi wakaapa kwamba si cha gari lile wala la aina nyingine yoyote. Akaitwa Mbonea. Alikigeuza mara moja tu, na majivuno yakamwisha.

"Hizi ni alama za nyundo ya baba yangu," alisema. "Nilikuwa kwenye mivukuto nikipuliza moto siku Kanaeli alipokuja. Alisema, 'Mshale wa spidi umekufa, na mke wangu hukaa upande ule. Nifulie kitu cha kunigombeza siku nikisahau kwamba nimembeba.' Sikujua alikwenda kukifunga wapi."

Mama Elinami akakipokea kile chuma kwa mikono miwili. "Miaka yote ile akiendesha yeye," alisema, "sikuwahi kukisikia." Akalia waziwazi, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Lakini binadamu ni binadamu. Machozi hayajakauka, mtamba akagombewa.

"Nilisema ni chuma, na ni chuma," alisema Zefania.

"Bila mkono wangu mngekuwa mnabishana na mlango mpaka leo," alisema Namsifu.

"Mama aliuliza nani, hakuuliza nini," alisema Mbonea. "Nani nimemtaja mimi."

Wakakubaliana washuke Same, mchungaji wa kanisa akaamue. Mbonea akakaa mbele. Nyuma, Mama Elinami mahali pake, Zefania katikati, Namsifu dirishani. Elinami alikuwa na furaha, maana chuma kimeonekana na mnunuzi anangoja. Akakanyaga mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imelowa, na safari hii hapakuwa na kitu mlangoni cha kumgombeza. Wakaifikia ile kona wakiwa kasi.

"Karibu, Baba Elinami," mama akaitika.

Mguu wa Elinami ulikanyaga breki kabla hajafikiri. Gari likaserereka, likayumba, likasimama. Mbele yao barabara haikuwepo. Maji yalikuwa yameimega yote, likabaki korongo.

Kisha mama akafungua kiganja. Chuma kilikuwemo, kimelowa jasho.

Elinami akageuka nyuma. "Zefania, mlango ulibishwa?"

Zefania, ambaye hajawahi kukosa la kusema kuhusu sauti yoyote, aliomba ashukie mlango wa upande wa pili. Hajajibu mpaka leo.

Haya, ninyi mliosema hamsinzii. Mtamba bado amefungwa zizini, na siku zake za kuzaa zimekaribia. Zefania alikisikia chuma, Namsifu akakitoa, Mbonea akamjua aliyekiweka. Lakini kama mlango ulibishwa chuma kikiwa mkononi mwa mama, basi hakuna hata mmoja aliyejibu alichoulizwa. Na kama haukubishwa, mama aliitika nini?

Wewe kamba ya mtamba ungemkabidhi nani? Na ukishaamua, mwambie na Elinami, maana mnunuzi wa Moshi ameshapanda kwa miguu na amesimama uani: gari hilo aliuze, au asiliuze?