Fahali Aliyekula kwa Niaba ya Mfalme

Hapo zamani za kale, viazi vilipokuwa bado havijasafiri kuja kwetu, palikuwa na nchi ya milima mirefu, mbali sana, ng'ambo ya bahari. Huko ndiko viazi vilikozaliwa. Sogeeni karibu, na wewe unayesinzia huko nyuma amka, mimi sirudii.

Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wanyama wapole. Palikuwa na Lama, mwenye shingo ndefu na manyoya mazito, ambaye akikasirika hutema mate, pwaa! Palikuwa na Simbilisi, yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia. Simbilisi alikuwa na watoto chungu nzima. Ni wangapi? Hata yeye mwenyewe hakujua.

Siku moja merikebu ikatia nanga pwani, akashuka Fahali. Mbuuu! Nyuma yake akashuka Farasi, amebeba kiti kikubwa cha dhahabu.

"Hiki ni kiti cha Mfalme Simba," Fahali akatangaza. "Mfalme mwenyewe yuko kwao, ng'ambo ya bahari. Lakini kuanzia leo kila kilichomo nchini humu ni chake."

"Tangu lini?" akauliza Lama.

"Tangu nilipokanyaga hapa."

Mmesikia hayo? Hajui hata jina la mlima mmoja, tayari yote ni ya bwana wake! Lakini Fahali alikuwa na pembe, na Farasi alikuwa na mateke, basi wanyama wakafyata ndimi zao.

Ikawa kila siku ya gulio wanyama wote wanainama mbele ya kile kiti kitupu. Simbilisi, ambaye alifanywa mpishi, huweka mbele yake bakuli la viazi vya moto. Wote wanakitazama kiti. Kiti hakili. Ndipo Fahali husogea, hukohoa kidogo, na kusema, "Nitakula kwa niaba ya Mfalme." Chakachaka! Bakuli jeupe. Kisha hulala kitanda laini kwa niaba ya Mfalme, na kukunwa mgongo kwa niaba ya Mfalme.

Hayo wangeyavumilia. Lakini mwaka ule Fahali alizoa viazi vyote, mpaka vya mbegu, akavifungia ghalani, na ufunguo akautundika kwenye pembe yake. Mvua zilikuwa zinakaribia. Kule milimani, asiyepanda mvua za kwanza hana chakula mwaka mzima, na watoto wa Simbilisi walikuwa wameshaanza kutafuna nyasi za paa la nyumba.

Lama akaenda kuomba. "Bwana Mkubwa, tupe mbegu tupande. Mawingu hayo!"

"Mbegu ni za Mfalme," akajibu Fahali. "Nitamwuliza."

"Utamwuliza lini?"

"Merikebu ikienda."

"Na jibu litakuja lini?"

"Merikebu ikirudi."

Lama akaingia jikoni kwa Simbilisi, mashavu yamemvimba. "Dada, leo namtemea mate ya uso!"

"Ukimtemea atapangusa, kaka yangu. Wewe ndiye utakayevunjwa mbavu."

Mara wakasikia kwato, pakata! pakata! Farasi alikuwa anarudi kutoka pwani na habari zilizoletwa na merikebu, anahema. Akapitiliza hadi chumbani kwa Fahali. Simbilisi akabana sikio lake ukutani.

"Balaa, Bwana Mkubwa! Mfalme Simba amekamatwa na jirani yake, Dubu! Yuko ndani ya tundu, analishwa makombo!"

"Shhh! Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi na iishie hapa. Mfalme awe ndani, awe nje, viazi ni vilevile."

Simbilisi akarudi kwenye mafiga anacheka, kwi kwi kwi, mpaka akashika tumbo.

"Kaka Lama, tumepona! Kuanzia leo tutampenda Mfalme."

"Umerukwa na akili?"

"Tutampenda sana, kaka. Tutampenda mpaka Fahali ajute."

Siku ya gulio ikafika. Wanyama wakainama. Simbilisi akaleta bakuli lake, na Fahali akasogea, akakohoa. Kabla hajatamka neno, Simbilisi akajibwaga chini, puu!

"Uwiii! Mfalme wangu mie! Yuko tunduni anakula makombo, na sisi huku tunapika! Uwiii!"

Watoto wake, waliokwisha kufundishwa, wakaitikia wote kwa pamoja, "Kwiiii!" Masikio ya wanyama yakaziba.

"Uongo huo!" Fahali akafoka. "Nani kakwambia?"

Farasi akaruka. "Si mimi, Bwana! Mimi nilikwambia wewe peke yako!"

Wanyama wote wakamgeukia Fahali. Hapo ndipo Farasi alipotambua alichokisema, akaanza kutazama kwato zake.

"Haya, ni kweli," Fahali akasema, jasho linamtoka puani. "Niliwaficha msije mkaumia roho. Hakuna anayempenda Mfalme kuliko mimi!"

"Hilo tunalijua, Bwana Mkubwa," akasema Simbilisi, anajifuta machozi. "Wewe ndiye badala yake. Yeye akiona njaa, wewe unakula. Akiona usingizi, wewe unalala. Akiwashwa, wewe unakunwa. Sasa, ndugu zangu, Mfalme amefungwa."

Akawazungushia macho wote. Mjanja yule!

"Nani afungwe kwa niaba yake?"

"Fahaliii!" gulio zima likaitika.

Lama akatokeza na kamba. Nyuma yake watoto wa Simbilisi wakaja wanakokota tundu kubwa la fito, wanasukumana na kucheka.

"Tumelisuka wenyewe kwa mapenzi," Simbilisi akasema. "Na makombo yako tayari."

"Msinisogelee! Huu ni uasi!"

"Uasi? Mwasi ni yule anayekula kwa niaba ya Mfalme, halafu anakataa kufungwa kwa niaba yake. Au siyo, Bwana Farasi?"

Farasi alikuwa mwaminifu kuliko alivyokuwa mwerevu. Akafikiri, akafikiri tena. "Kwa kweli, Bwana Mkubwa," akasema, "hapo umefungika."

Kamba ikagusa shingo. Fahali akaruka nyuma, macho yamemtoka.

"Simo! Mimi si badala ya mtu! Mimi ni fahali tu!"

"Ati nini?" Simbilisi akatega sikio. "Sema na walio nyuma wasikie."

"Mimi ni fahali tuuu!"

"Kumbe ni mwenzetu! Sasa, mwenzetu, fahali tu ana kazi gani na ufunguo wa ghala?"

Sasa Fahali amenaswa. Angesema ni badala ya Mfalme, tundu lilikuwa linamngoja. Angesema siye, ufunguo haukuwa wake. Lama akainamisha ile shingo ndefu kwa heshima zote, akauchomoa ufunguo kwenye pembe. Kisha, pwaa! Mate yale aliyabana tangu lini, masikini.

Siku hiyohiyo ghala likafunguliwa, mbegu zikaingia ardhini, na mvua ikawakuta wamemaliza. Fahali akashuka pwani kungoja merikebu. Farasi akaomba abaki kubeba magunia, nao wakamkubalia, maana mateke yake sasa yalikuwa yao.

Viazi vilikuwa vimetoa maua merikebu ilipofika. Akashuka mjumbe wa Mfalme, manyoya ya ndege kichwani, tarumbeta mkononi. Akapanda milima mpaka shambani kwa Simbilisi.

"Furahini!" akapiga kelele. "Dubu amemwachia Mfalme! Mfalme Simba yuko huru!"

Simbilisi akainua kichwa katikati ya majani, udongo umejaa mikononi.

"Hongera zake," akajibu. "Mwambie na sisi pia."

Basi wanangu, mtu akija kula kwa jina la mwingine, mwulizeni kwanza kama yuko tayari kufungwa kwa jina hilohilo.