Jina la Mtoto wa Chumba cha Njiti

Hapo zamani, na mkisikia zamani msinitafutie sungura, maana humu hamna sungura wala fisi, humu mna ndoo na deki. Hapo zamani palikuwa na hospitali ndogo huko nyanda za juu, kwenye migomba na baridi, ambako mvua haikomi, hubadilisha zamu tu.

Hospitali hiyo ilikuwa na chumba kimoja chenye joto: chumba cha njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Humo alilala binti wa Tumpe, kilo moja na robo, ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama yake, hata jina hana. Na mwezi huo homa ya mafua ilikuwa imeingia wilaya nzima. Mapafu ya mtoto kama yule hayana ubavu wa kupigana na homa hiyo. Kikohozi cha mtu mzima mmoja kingetosha kumzika.

Mpiga deki wa chumba hicho aliitwa Subilaga. Miaka hamsini na mbili, hana mume, hana mtoto, ana mdomo. Alimjua kila mtu kwa taka zake. "Watu hudanganya," alizoea kusema, "ndoo ya taka haidanganyi."

Asubuhi moja Sista Atupele, muuguzi wa chumba kile, alisikia koo linamwasha. Koo tu! Hakuna aliyejua. Miaka kumi na moja hakuwahi kukosa kazini hata siku moja, na kila Desemba hospitali ilitundika picha yake ukutani: mtumishi asiyekosa. Akaitazama ile picha, akavaa koti. Akampigia simu mwenzake aje, kisha akamwambia Subilaga kwa mbali, "Mwenzangu atafika saa nne. Mpaka hapo, mwenye kikohozi asiingie, hata awe nani." Akaenda zake. Huku nyuma wenzake wakamcheka: leo picha imeanguka!

Saa tatu akaja Dokta Mwakisyala, mganga mkuu, mtu aliyejiona ndiye hospitali yenyewe. Barakoa inaning'inia kidevuni. Asubuhi ileile Subilaga alikuwa amemwaga ndoo ya ofisini kwake, imejaa karatasi za makamasi mpaka juu. Basi akaulaza mpini wa deki mlangoni, ubavu huu hadi ubavu ule.

"Hupiti, Dokta."

"Unasemaje wewe?"

"Hupiti. Unaumwa."

"Mafua tu haya, mama! Nani amewahi kufa kwa mafua?"

"Kwako wewe ni mafua tu. Humu ndani ni jeneza."

"Unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Namjua mpaka ndoo yake."

Watu kwenye benchi wakaguna. Dokta akapandisha sauti: leo hii, leo hii, kazi huna! Subilaga aliogopa, msidhani hakuogopa. Unga wa nyumbani kwake ulitoka kwenye deki hiyo. Lakini mpini haukusogea.

"Kazi chukua," alisema. "Mlango siutoi."

Dokta akageuka kwa hasira, akaenda kupitia wagonjwa wa wodi ya wanaume. Kufikia mchana Subilaga alikuwa na barua ya kufukuzwa mfukoni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapochanganya. Kwenye lile benchi alikaa Bibi Tupokigwe, mama mkwe wa Tumpe. Alikuwa ameona yote. Mtoto yule alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na kwa mila ya kwao, bibi ndiye humpokea mjukuu mikononi na kumrithisha jina lake. Dokta alipoondoka tu, kabla barua haijafika, Subilaga akamtazama bibi, akamwona mzima, akamwondolea mpini. "Karibu, mama. Nawa mikono."

Bibi akanawa. Akabakiza hatua mbili kufika kitandani. Tumpe akamnyooshea mtoto. Hapo hapo bibi akasikia kifua kinamkereketa. Angeweza kumeza mate akanyamaza. Nani angejua? Akarudi kinyumenyume, machozi yanamtoka. "Sikushiki, mjukuu wangu," alisema. "Leo sikushiki."

Siku kumi alimtazama kupitia dirishani, chini ya mwavuli. Wakaja mashangazi saba kutoka kijijini na vigelegele vyao, wote wanataka kumbeba mtoto. Akawafukuza kwa mwavuli uleule.

Na Dokta, kesho yake tu baada ya kuzuiwa mlangoni, alilala chali kwa homa, na wagonjwa wanne wa wodi ya wanaume wakashikwa na homa ileile. Katika chumba cha njiti hakukohoa mtu.

Mwezi ukapita, mtoto akafikisha kilo mbili, ikafika siku ya kutoka. Karani wa vizazi akashika kalamu. "Jina?"

Tumpe akasema, "Aitwe jina la aliyemwokoa."

Lo! Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Basi ni mimi," alisema Sista Atupele. "Mimi nilijifukuza mwenyewe kabla ya mtu yeyote kufukuzwa. Na neno asiingie ni langu. Subilaga alilibeba tu."

"Neno lisilo na mtu mlangoni ni upepo, sista!" Subilaga alikuwa ameitwa kutoka nyumbani, na barua bado anayo. "Wewe ulipoteza picha, mimi nilipoteza kazi. Uliondoka ukaacha chumba hakina muuguzi. Na mimi nikifa, jina langu linakufa. Sina mtoto wa kulibeba." Sauti ikamkatika, akakasirika kwa kukatikiwa mbele za watu.

Bibi Tupokigwe akasimama. "Kwa mila jina ni langu, lakini sidai kwa mila. Subilaga, mimi ulinifungulia! Dokta alizuiwa. Mimi nani alinizuia?"

"Ulishaona Dokta alivyozuiwa, ndiyo maana ukarudi!"

"Benchi zima liliona. Nani mwingine aliyelia kwa kumkosa mjukuu wake?"

Dokta akakohoa kwa aibu mlangoni. "Na mimi je? Ningeweza kumsukuma huyu mama. Sikumsukuma."

"Wewe subiri mbuzi azae, huyo mtoto wake ndiye apewe jina lako," Subilaga akamjibu. Watu wakacheka, na Dokta akacheka, lakini barua hakuifuta.

Karani akagonga meza. "Mstari mmoja, jina moja. Semeni."

Na ninyi msiniambie apewe yote matatu, huko ni kukimbia. Wala msinitazame mimi, langu ninalo na silitoi. Kalamu iko hewani, mtoto analia, na Subilaga amekunja mikono anawatazama ninyi. Haya, mtoto aitwe Atupele, aitwe Tupokigwe, au aitwe Subilaga? Je, nani alistahili?